Kumtunza aliye ng'ambo: njia za kutuma pesa kutoka Mombasa, moja kando ya nyingine

Mombasa tumezoea pesa zije. Kwa hesabu ya Benki Kuu, Wakenya walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9 mwaka 2024, na huku kwetu ni nadra kukuta ukoo usio na mtu Muscat, Dubai au London anayechangia unga, karo na dawa. Ndiyo sababu mtu akitaka kuzipeleka pesa upande wa pili huona njia imekuwa nyembamba ghafla. Nyingi katika programu za simu ambazo wanetu hutumia kututumia haziendi kinyume: zinapokea pauni na kutoa shilingi, basi.

Na siku hufika lazima ziende. Mpwa anaolewa Muscat na shangazi zake hawakuwahi viza. Mjukuu amezaliwa London, nyanya yake yuko Kibokoni na hataki akika ipite bila mkono wake. Kijana yuko chuoni Kuala Lumpur, Idi imemkuta peke yake na hana wa kumpa mkono wa Idi. Halati mzee, dada wa mama, yuko Mukalla, Yemen, hana benki wala hataki kusikia habari zake. Kwetu mimi ndiye ninayekabidhiwa michango ya namna hii, kwa miaka mingi sasa, na nimepitia karibu kila njia iliyopo.

Kwanza, kuondoa wasiwasi: kutuma ni halali. Sheria ya kudhibiti fedha za kigeni ilifutwa Kenya mwaka 1995, na tangu hapo huhitaji ruhusa ya mtu kumpelekea nduguyo zawadi. Kinachotakiwa ni kusema pesa zimetoka wapi na zinaenda kufanya nini.

Zawadi si bili. Karo ikichelewa siku mbili chuo husubiri. Tunzo la bi harusi likifika baada ya harusi, limekuwa deni lililolipwa. Na zawadi inayomlazimu mzazi mwenye mtoto wa siku kumi kupanda basi mbili hadi kwa wakala imemtia kazi badala ya kumfurahisha. Kwa hivyo mimi sianzi na kuuliza ada ni ngapi. Nauliza zitafika ngapi mkononi mwake kwa sarafu ya kwao, siku gani, na yeye atahangaika kiasi gani kuzipata. Njia zote hapa chini nimezipima kwa maswali hayo.

Benki kwa benki

Hii ndiyo njia wazee wanaiamini, na kwa kiasi kikubwa ndiyo bora. Unaenda na kitambulisho, jina kamili la mpokeaji, benki yake, msimbo wa SWIFT, yaani herufi zinazoitambulisha benki hiyo kimataifa, na namba ya akaunti. Uingereza, Imarati, Saudia na Oman hutumia IBAN, namba ndefu ya akaunti ya kimataifa: ya Uingereza ina herufi na tarakimu 22, ya Imarati 23, ya Saudia 24. Zihesabu kabla hujatoka nyumbani. Ikipungua moja, karani hatakwenda nayo popote, nawe umeshapanga foleni Nkrumah Road. Marekani na Kanada hawana IBAN. Marekani wana namba ya benki yenye tarakimu tisa pamoja na namba ya akaunti.

Karani atakuuliza gharama abebe nani, na hapa wengi hujibu bila kufikiri. Ziko namna tatu: mtumaji abebe zote, mgawane, au akatwe mpokeaji. Ukinyamaza, mara nyingi utawekewa ya kugawana. Pesa zako hazirukii Muscat moja kwa moja. Hupitia benki ya njiani, mara nyingi ya New York kwa sababu zinasafiri kama dola, na benki hiyo hujikatia chake. Ndipo umeahidi dola 300 na bi harusi akaona 275 kwenye simu yake, naye kwa adabu hasemi kitu. Kwa zawadi mimi huchagua kubeba zote. Bili ya mtu inaweza kugawanwa, zawadi nayo sioni vipi igawanwe.

Ada ya benki haijali sana ukubwa wa pesa. Tuseme jumla ni shilingi 3,000. Juu ya 20,000 hiyo ni 15%, jambo la kuumiza. Juu ya 500,000 ni chini ya 1%. Umoja wa Mataifa umeweka lengo la kushusha gharama ya kutuma pesa ng'ambo hadi chini ya 3% ifikapo mwaka 2030, nami huitumia 3% hiyo kama kipimo changu: kwa ada ya namna hiyo, benki inaanza kuwa na maana ukifika laki moja. Juu ya ada kuna ushuru wa serikali. Sheria ya Fedha ya 2023 iliuweka 15% kwa benki na kwa simu vilevile, za benki zikishuka kutoka 20% na za simu zikipanda kutoka 12%. Ushuru huo unatozwa kwenye ada, si kwenye zawadi yenyewe, kwa hivyo usimwache mtu akutishe nao.

Ada siyo inayokula zaidi. Bei ya kubadilisha ndiyo. Tuchukue dola sokoni ni 129.50, na benki inakuuzia kwa 133. Kwa shilingi 200,000 umepoteza dola 40 na ushei, zaidi ya shilingi 5,000, na hakuna risiti itakayoandika hivyo. Kwa watu wetu wa Ghuba kuna hesabu nzuri ya kumkamata muuzaji. Riali ya Oman imefungwa kwenye dola tangu 1986, riali moja ni takriban dola 2.60. Dirhamu ya Imarati ni 3.6725 kwa dola, riyali ya Saudia 3.75. Hazipandi wala hazishuki dhidi ya dola. Kwa hivyo ukiambiwa riali ya Oman ni shilingi 350, gawanya kwa 2.60: umeuziwa dola kwa zaidi ya 134. Ukijua bei ya dola siku hiyo kwenye maduka ya fedha ya Digo Road, unajua papo hapo kama umepunjwa. Pauni haina utulivu huo, ya kwake lazima uiulize yenyewe.

Siku nazo. Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Nilituma Alhamisi jioni nikijipongeza kwamba harusi ni Jumamosi na Muscat imetutangulia saa moja tu. Oman mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi. New York ni Jumamosi na Jumapili. Siku ambazo wote wako kazini ni Jumatatu mpaka Alhamisi, nne tu. Zawadi yangu ililala njiani, bi harusi akaenda kwa mumewe, na pesa zikaingia Jumanne. Saudia nao hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Imarati walihamia Jumamosi na Jumapili mwaka 2022, Ijumaa wakifanya nusu siku. Kwa benki, tuma Jumatatu asubuhi ya wiki ya shughuli, au wiki moja kabla.

Wakala wa kimataifa na simu

Hii ndiyo njia ya haraka. Unatoa pesa kwenye benki au duka lenye bango la Western Union au MoneyGram, unapewa namba ya muamala, ya Western Union ina tarakimu 10, na mwenzako anachukua taslimu kwa kuonyesha pasi au kitambulisho. Si kila wakala hapa anatuma nje. Wengine wanalipa tu zinazokuja. Piga simu kwanza.

Tangu mwishoni mwa 2018 huna haja hata ya kwenda. M-Pesa Global, iliyounganishwa na Western Union, hukuwezesha kutuma ukiwa umekaa barazani: unaingia *334# au kwenye programu, unajisajili kwa huduma ya kimataifa, unachagua nchi, na unaamua kama ichukuliwe kwa wakala au iingie benki kwa nchi zinazokubali. Kwa jirani zetu wa Tanzania inaingia moja kwa moja kwenye simu. Safaricom na Vodacom walifungua mlango huo mwaka 2015, na kwa mwenye ndugu Dar mjadala unaishia hapo.

Kwa zawadi za elfu tano mpaka elfu hamsini sijaona kinachoishinda simu. Kiasi kidogo hakimezwi na ada kama benki, Jumapili haikuzuii, na makosa ya karani hayapo. Udhaifu wake ni bei ya kubadilisha, ambayo mara nyingi ni mbaya kuliko ya benki, na inaumiza kadiri pesa zinavyokuwa nyingi. Kabla hujabonyeza namba ya siri, angalia ngapi zitapokewa upande wa pili, igawe na ngapi zinatoka kwako pamoja na ada, kisha ulinganishe na njia nyingine kwa hesabu hiyohiyo. Hesabu ni moja tu: zilizotoka huku, zilizofika kule.

Namba ya muamala usiiweke kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Najua furaha inavyosukuma. Mtumie mwenyewe, peke yake.

Na ukituma kwa wakala, uliza kwanza mpokeaji anaishi wapi. London kuna wakala kila barabara. Mtu wetu aliye mji mdogo wa Kanada, theluji magotini na mtoto mgongoni, atakushukuru zaidi ukimpelekea benki hata kama imekugharimu zaidi.

Hawala

Neno lenyewe la Kiarabu lina maana ya kuhamisha, lakini ajabu yake ni kwamba pesa hazihami. Unampa mtu shilingi hapa Bondeni, anampigia mwenzake Dubai, mwenzake anatoa dirhamu. Wao watamalizana baadaye kwa mzigo wa vitambaa au vipuri vya magari. Kwa sababu hiyo ni rahisi, ni ya haraka, na inafika mahali ambapo benki hazithubutu.

Lazima kutenganisha hawala mbili ambazo watu huziita kwa jina moja. Iko ya kampuni zenye leseni ya Benki Kuu, chini ya kanuni za utumaji fedha za 2013: zinachukua kitambulisho chako na kukupa risiti. Na iko ya mtu anayejulikana tu, bila leseni. Ya kwanza naitumia. Ya pili niliiacha, hata kama bei yake ni tamu. Pesa zikipotea huna pa kushika, na balaa zaidi huwa kwa mpokeaji: kijana wa Uingereza akiulizwa na benki yake pauni hizi zimetoka wapi, hana karatasi. Huko hata wenye kazi hiyo hutakiwa wasajiliwe.

Hata yenye leseni ina hatari yake. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilizifungia kampuni 13 za hawala kwa pamoja, na hazikufunguliwa mpaka Juni. Ukoo mzima ukitegemea njia moja, siku kama hiyo mnakwama wote.

Ila kwa Yemen, sioni nyingine. Tangu vita, na tangu Benki Kuu yao igawanyike mwaka 2016 baina ya Aden na Sana'a, riali ya huko imekuwa na bei mbili kwa kutegemea uko upande gani. Ukiahidi kwa riali za Yemen, hujui umeahidi nini. Kwa halati wa Mukalla sisi huagiza alipwe kwa riyali za Saudia au dola mkononi, na tunaandika hivyo kwenye risiti.

Msafiri

Bahasha kwa anayekwenda. Haina ada, na ina kitu ambacho njia nyingine hazina: inafika na sauti, salamu na pengine kopo la achari ya maembe. Unanunua dirhamu au pauni kwenye duka la fedha, na kwa pesa kidogo bei yake huwa afadhali kuliko kokote.

Kisheria, mwenye dola 10,000 au thamani yake hutakiwa kuzitangaza forodhani anapotoka Kenya. Uingereza mpaka ni pauni 10,000. Hayo ni mafungu makubwa kuliko zawadi ya kawaida, lakini kumbuka msafiri mmoja wa Mombasa hubebeshwa bahasha za nyumba saba, na forodha huhesabu alichobeba yeye, si cha kila nyumba. Muulize amebeba ngapi. Mwandikie karatasi: kutoka kwa nani, kwa nani, kiasi gani. Usimwonee haya, karatasi hiyo ndiyo inayomlinda.

Kubadilishana ndani ya ukoo

Ndugu yangu London alikuwa anataka kumpelekea mama shilingi za daktari. Mimi nilikuwa nataka kumpa mjukuu wetu, hukohuko London, zawadi ya akika. Tungetuma kila mtu zake, pesa zingepishana angani na kukatwa mara mbili. Nikampa mama hapa, ndugu yangu akampa mtoto kule, kwa bei ya siku ile tuliyoiangalia wote wawili kwenye tovuti ya Benki Kuu. Ada sifuri, dakika kumi, na mtoto akapewa noti mkononi na babu yake huyo.

Kwa pesa ndogo baina ya ndugu wa tumbo moja hii naiweka juu ya zote, kwa sababu pesa nyingi zaidi zinakuja Mombasa kuliko zinazotoka: karibu kila wiki yuko mtu wa kwenu anayejiandaa kutuma. Shurutisha mambo mawili tu. Bei mkubaliane kabla, iandikwe. Na pande zote zitoe siku moja, isiwe mmoja amekopa bila kujua. Ukianza kuwafanyia marafiki na marafiki wa marafiki, umeshakuwa hawala isiyo na leseni, na hapo acha.

Kulipia kitu hukohuko ni njia fupi isiyohitaji maneno mengi: kadi ya Visa ya simu ya M-Pesa GlobalPay, iliyotolewa 2022, inaweza kununua kitanda cha mtoto kwenye duka la mtandaoni la Uingereza kikaletwa mlangoni. Taslimu kwa mtu haitumi.

Majina

Hili linastahili pumzi yake, maana limenikwamisha zaidi ya ada zote. Kwetu mtu ana jina la pasi, jina la ukoo na jina la kuitwa nyumbani, na wengi tunajua la tatu tu. Pasi ya Oman ina bin au bint katikati na kabila mwishoni. Ya Kenya ya nduguye wa damu haina hata moja. Mohamed, Mohammed na Muhammad ni watu watatu machoni pa mashine. Usiandike jina unalolijua. Omba picha ya ukurasa wa pasi, nakili herufi kwa herufi.

Niliwahi kuzuiliwa pesa siku tisa na benki moja kwa sababu jina la mpwa wangu lilifanana na la mtu mwingine kwenye orodha fulani. Alikuwa mwanafunzi wa miaka 20. Iliniuma, na sitasema ni haki. Lakini nilijifunza kwamba mahali pa kuandika sababu sipaachi wazi wala siandiki "msaada". Naandika "zawadi ya harusi ya mpwa", na kadi ya mwaliko naiweka kwenye simu tayari.

Kuhusu kodi, watu huuliza sana. Mpokeaji Uingereza au Kanada hatozwi kodi ya mapato kwa zawadi ya pesa kutoka kwa jamaa. Riba itakayozaa akiiweka benki ni jambo lingine. Marekani pia hatozwi, ila akipokea kutoka kwa mtu wa nje zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka hutakiwa kuarifu kwa fomu. Imarati mtu binafsi hana kodi ya mapato.

Mimi ningechagua nini

Mkono wa Idi kwa watoto wa London, elfu tano tano: kubadilishana na ndugu. Asipopatikana, simu, siku mbili kabla ya mwezi kuandama. Mwanafunzi wa Kuala Lumpur: simu kwa zawadi, benki ikiwa ni karo, na karo ipelekwe chuoni moja kwa moja. Halati wa Mukalla: kampuni ya hawala yenye leseni, daima.

Harusi ya Muscat ndiyo inayotaka mipango, kwa sababu ni pesa za watu wengi. Usimruhusu kila mtu atume zake. Nyumba kumi zikituma 15,000 kila moja zimelipa ada kumi. Zikikusanya 150,000 zimelipa moja, na zimefika mahali ambapo benki inafaa. Ahadi ichukuliwe kwa shilingi, si kwa riali. Januari 2024 dola ilikaribia shilingi 160, na kufika Aprili ilikuwa imeshuka hadi karibu 130: aliyeahidi riali 100 Januari alijitwika zaidi ya 41,000, aliyengoja Aprili alitoa chini ya 34,000 kwa tunzo lilelile. Wakagombana wifi kwa wifi kwa jambo ambalo hakuna aliyelitenda.

Harusi ya safari hii ni ya Ijumaa. Michango nimeifunga Jumatano ya wiki iliyotangulia, Jumatatu asubuhi niko benki na IBAN imehesabiwa, gharama zote juu yetu. Orodha ya waliotoa, kila mmoja na jina lake, anaibeba binti wa jirani anayeruka Jumatano, pamoja na asumini zilizofungwa kwa kitambaa cha majimaji, ili bi harusi ajue pesa hizi ni mikono ya nani.